Honi Mbili za Gari la Koko

Vijana wangu mnaoshika spana siku hizi, nawaonea wivu na kuwaonea huruma kwa wakati mmoja. Wivu, kwa sababu mna kile kimashine mnachochomeka chini ya usukani kikawaambia gari linaumwa wapi. Huruma, kwa sababu kimashine hicho hakinywi chai na mwenye gari, na bila kunywa chai na mwenye gari utajua nusu tu ya ugonjwa.

Mimi nimeshika spana miaka thelathini na minane hapa hapa Levolosi, Arusha, kwenye kiwanja kilicho kati ya jiko la mke wangu na choo cha wapangaji. Mafundi wenzangu walikwenda Dar, wengine Nairobi, mmoja alifika Durban akarudi na miwani ya jua. Safari yangu ndefu ya kikazi ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha plastiki. Sipendi kutoka nyumbani. Sikupenda nikiwa kijana, na sasa nimestaafu nina magoti ya kunitetea. Mke wangu, Mama Upendo, husema Mungu alipomaliza kuumba konokono alibakiwa na udongo kidogo, akaona asiutupe.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukagua magari yaliyochoka kwa niaba ya watu wasio na nafasi ya kukosea. Mwenye pesa akinunua gari bovu, ananunua jingine na anapata hadithi ya kusimulia baa. Asiye na pesa akinunua gari bovu, amenunua banda la kuku.

Aliyenifundisha ni Mzee Harbans, Kalasinga aliyezaliwa Arusha, na baba yake alizaliwa Arusha, na bado watu walikuwa wakimuuliza kwao ni wapi. Alikuwa akijibu, "Kwa mke wangu." Alitukana mafundi kwa lugha nne, ila gari alilisemesha kwa Kiswahili peke yake, tena kwa adabu. Siku ya kwanza aliniambia gari linalouzwa ni kama mtu anayekuja kuposa: amenyoa, amepaka mafuta, viatu vinang'aa. Wewe kamwone asubuhi kabla hajanawa uso.

Maana yake fika mapema, injini ikiwa bado ya baridi. Injini iliyochakaa ikishapashwa moto huwaka kama mpya. Ya baridi ndiyo husema ukweli, hasa baridi yetu ya mwezi wa saba. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto na mwenye gari anasema halijawashwa tangu jana, kuna mtu anadanganya, na gari halijui kusema uongo.

Somo hili nililishika vizuri kupita kiasi. Nilifika kwa mtu mmoja kule Sakina, nikapita moja kwa moja hadi kwenye gari, nikaweka viganja vyote viwili kwenye boneti na kuinamisha kichwa nisikilize. Mama yake muuzaji, mtu mzima wa kanisani, alikuwa amesimama kando akingoja shikamoo yake. Akamuuliza mwanawe, tena si kwa kunong'ona, kama huyu ni fundi au ni nabii. Tangu siku hiyo nasalimia watu kwanza, boneti baadaye, na boneti halijawahi kulalamika.

Kingine, angalia mahali gari lilipolala. Oili inayovuja huacha barua chini. Ukikuta gari limesogezwa hatua tatu na pale lilipokuwa pamemwagiwa mchanga, shukuru kwa chai uende zako. Angalia na mpira wa pedeli ya klachi: saa ya kilomita hurudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye bisibisi na dhamiri ndogo, lakini mpira uliolika kwa viatu vya miaka kumi na mitano haurudishwi na mtu. Mfukoni nilitembea na sumaku ya spika ya redio niliyoivisha soksi isikwaruze rangi. Sumaku ikikataa kushika, hapo hakuna bati, ni puti iliyopakwa kuziba matundu ya kutu. Kuna gari moja sumaku ilikataa kuanzia taa ya mbele hadi taa ya nyuma. Nikamwambia mteja hilo si gari, ni chungu, na kama anataka vyungu kuna akina mama sokoni wanaouza kwa bei nafuu.

Na fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Zile taa nyekundu za kwenye dashibodi lazima ziwake zote, kisha zizime injini ikishanguruma. Taa isiyowaka kabisa haimaanishi gari ni zima. Mtu ameng'oa balbu. Ni sawa na mgonjwa aliyezibwa mdomo ili asiseme anaumwa.

Halafu kuna rivasi. Wanangu, rivasi.

Gari la kwanza nililokagua bila Mzee Harbans kusimama nyuma yangu lilikuwa la shemeji yangu, kaka yake Mama Upendo. Tulilikuta limeegeshwa likitazama geti. Tukatoka nalo, tukauzunguka Mnara wa Saa, tukarudi, na muuzaji kwa ukarimu akasema tuliache tu hapo barabarani. Gia zote nne zilikuwa laini kama siagi, nikalipitisha. Shemeji akafika kwake, akaingia uani kwa mbwembwe, na kesho yake asubuhi akagundua kwamba gari lake ni kama mto, linakwenda upande mmoja tu. Miezi minane alizunguka mji huu bila kurudi nyuma hata hatua moja. Harusi zenye maegesho finyu alituma zawadi. Siku moja alifuata kichochoro hapa Levolosi kikaishia ukutani, na wanaume sita waliokuwa wakicheza bao wakaacha kete zao kumsukuma atoke. Mpaka leo nikibishana na Mama Upendo juu ya jambo lolote, hata chumvi, husema tu, "Rivasi." Mjadala unaishia hapo.

Kwa hiyo kila gari lililokuja kwangu baada ya hapo nililirudisha nyuma mara tatu, la mzee, la mchungaji, la nani. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniokoa kwa Koko.

Mwaka juzi, spana nimeshazitundika, alinijia seremala mmoja anayeitwa Elisante, kwao ni juu ya Makumira, ukiuacha mji unapanda kuufuata Mlima Meru mpaka migomba inaanza kukufunga njia. Mama yake, ambaye mlimani wote wanamwita Koko kwa kuwa ni bibi wa kila mtu, figo zilikuwa zimemchoka. Alitakiwa kushuka mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, daktari aliwaambia wasimwulize nini kitafuata.

Walikuwa wakimshusha kwa bodaboda, dereva mbele, Elisante nyuma, Koko katikati kama nyama kwenye sambusa. Masika yalikuwa yanakaribia, na mvua ikinyesha bodaboda hukataa ule mlima. Ukoo ukauza ng'ombe wawili. Elisante aliniambia kwa utaratibu, kofia mkononi, kwamba hakuna ng'ombe wa tatu.

Alikuwa ameona kigari cheupe cha mwalimu mmoja mstaafu wa kule Njiro. Akaniomba nipande kwao kwanza nikaione njia kitakayopita.

Nikamjibu jibu ambalo nataka mliandike ukutani kwenye gereji zenu, ili mkilisoma mfanye kinyume chake. Nilisema, "Njia haiuzwi. Lete gari."

Likaletwa. Mwalimu mwenyewe alikuja nalo, mama mkweli mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Boneti lilikuwa la baridi, kwa sababu alilileta jana yake na kuliacha lilale uani kwangu, na asubuhi chini palikuwa pakavu. Sumaku ilishika kila mahali. Mpira wa klachi ulilingana na kilomita. Nikalirudisha nyuma mara tatu, ya tatu nikagonga ndoo ya pumba ya kuku wa Mama Upendo, hilo likaandikwa pembeni kwa ajili ya mjadala wa jioni. Mwalimu akasema kuna kasoro moja, honi imekufa. Yeye akitaka kumpita mtu hushusha kioo akamwita.

"Mwalimu, honi si injini," nikamwambia. "Mji huu una honi za kutosha. Gari lisilo na honi ni mchango wako kwa jamii."

Tulicheka, tukanywa chai. Nililipitisha gari lile nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, na nilijiona fundi kweli.

Siku ya tisa baada ya gari kununuliwa, simu ikaita. Mtajua gari lina matatizo kwa jinsi mteja anavyolitaja: likiwa zima ni gari lake, likiharibika ni lako. Elisante alisema, "Fundi, gari lako linateleza." Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Walikuwa wametoka hospitali, wamekwama chini ya mlima kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, na Koko alikuwa amelala siti ya nyuma, hoi, kama alivyokuwa kila akitoka kusafishwa. Amejaribu mara nne. Gari linapanda kidogo, linakuna matope, linarudi. Na masika ndiyo kwanza yameanza. Ng'ombe wawili walikuwa wameliwa, na keshokutwa Koko alitakiwa kushuka tena.

Nikaanza kumweleza kwenye simu jinsi ya kupunguza upepo wa tairi. Mama Upendo aliyekuwa akisikia yote kutoka jikoni akatokea na koti langu la mvua.

"Umelipitisha umekaa," akasema. "Kalipandishe umesimama."

Nikaenda. Nilipofika nikaiona ile njia, nikaelewa kwa nini ng'ombe wa kule wana mapaja yale. Udongo mweusi wa mlima, umelowa, unang'aa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa jana. Nikainama dirishani. Shikamoo Koko. Akaitikia bila kufungua macho, kisha akafungua moja.

"Wewe ndiye uliyelipima?"

"Ndiyo, Koko."

"Ulilipimia wapi?"

"Levolosi."

"Levolosi kuna mlima?"

"Hakuna, Koko."

"Haya," akasema, akalifumba lile jicho. Nimewahi kutukanwa na Mzee Harbans kwa lugha nne na sikuumia kama nilivyoumizwa na ile "Haya".

Nikajaribu mwenyewe. Tulipanda hatua kama thelathini, tukateremka hatua kama thelathini na tano. Nikasimama kwenye mvua nikiyatazama magurudumu ya mbele yaliyovaa matope mpaka shingoni, na ya nyuma yako safi kama yanakwenda ibadani, ndipo nikakumbuka kitu Mzee Harbans alichonionyesha zamani kwa kisanduku cha kiberiti na kidole. Vigari hivi vinavutwa na magurudumu ya mbele. Vikiinua pua kupanda, uzito unakimbilia nyuma, na yale yanayovuta yanabaki mepesi, yanaparura chini kama kuku. Sasa geuza. Pandisha kwa matako. Magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa bondeni, uzito wote na injini vinayakalia, yanashika. Na rivasi ndiyo gia yenye nguvu. Na kama kuna kitu kimoja duniani nilichokuwa na hakika nacho kuhusu gari lile, ni rivasi.

Tukaligeuza pale mashineni. Nikashika usukani mimi, shingo nimeizungusha kama bundi. Elisante nilimwambia atembee kando yetu akiwa na jiwe kubwa, likianza kuteleza alikingie tairi upande wa bondeni. Koko nilimweleza tunachotaka kufanya. Akauliza kama atatazama bonde muda wote. Nikasema ndiyo. Akavuta shuka lake jeupe la hospitali akajifunika kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa, akasema tukifika tumwambie.

Gari likapanda. Taratibu, bila kuparura, kama mzee anayerudi nyuma kutoka mbele ya mfalme. Nikajawa na majivuno ambayo hayana tiba. Kwenye kona ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa kwenye kibaraza akasimama akavua kofia. Nikampungia mkono, nikafikiri, hawa watu wa mlimani wanajua kuheshimu ufundi. Kona ya pili mama aliyebeba majani ya ng'ombe akayatua chini akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamtikisia kichwa kwa unyenyekevu, kama kusema ni kazi tu, mama. Simu ya Elisante ikaita, ikaita tena, ikaita bila kukoma, lakini mikono yake ilikuwa na jiwe.

Wanangu, ninyi wa huku kwetu mmeshajua. Gari linalopanda kwenda kwa mtu kinyumenyume, taratibu, kimya bila honi, ndani kuna mtu amefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani, na mwanawe anatembea kando ameinamisha kichwa mikono imemwelemea. Kila msiba kwetu gari linaloleta mwili huingia uani kwa nyuma, ili mlango wa nyuma uelekee nyumba. Mimi peke yangu katika mlima ule, kwa sababu misibani nako naenda kwa shingo upande, sikuwa nimeiona picha.

Tuliingia uani tukakuta mabenchi matatu yameshapangwa. Vijana walikuwa wanahangaika na kamba ya turubai. Kuni zimerundikwa, sufuria kubwa la kanisa limeinjikwa, akina mama watatu wanamenya ndizi za mtori huku machozi yanawatoka, na mzee wa kanisa amesimama mlangoni ameshika kitabu. Nilipozima injini wakaanza kuimba. Nikadhani wanashukuru kwamba tumefika, nikashuka nikiwa natabasamu. Nakuombeni msiniulize zaidi juu ya tabasamu lile.

Elisante akaliangusha jiwe. Ule mshindo ndio uliomwamsha Koko.

Mlango ukafunguka, shuka likashuka kutoka kichwani, Koko akatoa mguu mmoja nje, kisha mkono, akangoja mtu aje amshike. Hakuna aliyekwenda. Wimbo ulikufa ubeti haujaisha. Kijana mmoja aliyekuwa na kamba ya turubai alionekana baadaye kule chini mashineni, na hakuna anayekumbuka kumwona akipita.

Koko akatazama mabenchi, akatazama sufuria.

"Nani amekufa?"

Jirani yake, mama mmoja aliyeshika kisu na ndizi, akajikaza. "Wewe, Koko."

"Saa ngapi?"

"Wamesema tangu mashineni."

Koko akafikiri kidogo, kama mtu anayehesabu nyuma kuona kama inawezekana. Akaomba kiti. Akaletewa benchi la mbele kabisa, lile la wafiwa. Akakaa, akapanga shuka lake magotini, akamwuliza mzee wa kanisa alikuwa amepanga kusema nini juu yake. Mzee akababaika kwamba aah, Koko, tulikuwa bado hatujaandika. Koko akamwambia aanze tu, ana muda. Na mzee wa watu akasema, mbele ya kila mtu, mvua inapiga turubai, kwamba Koko alikuwa mkarimu, alikuwa mcha Mungu, na hakuwa na maneno mengi. Hapo kwenye maneno mengi akina mama wote walikohoa, na Koko mwenyewe akasema hilo lifutwe, asije akashtakiwa mbinguni kwa ushahidi wa uongo. Kisha akauliza mtori unaiva lini, kwa kuwa kusafishwa damu na kufa siku moja kunaleta njaa. Yeye mtori wa chumvi alikatazwa, akapakuliwa wake pembeni usio na kitu; akaula huku akitazama bakuli langu kwa jicho lile moja.

Siku ya pili yake nilipanda tena, bila kusukumwa na Mama Upendo, jambo ambalo lilimtia hofu kuliko habari za msiba. Nilikwenda na waya, fyuzi na honi niliyoing'oa kwenye gari langu mwenyewe, maana mimi naenda wapi hata nihitaji honi. Nikaifunga uani kwa Koko huku watoto wakinisimamia. Tukakubaliana na mlima mzima: gari likipanda kwa nyuma na kupiga honi mara mbili kila kona, Koko yuko hai, endeleeni na kazi zenu. Masika yote yale lilipanda hivyo, mara tatu kwa wiki, na Koko hakukosa siku hata moja. Huko juu watu wakawa wanarekebisha saa zao kwa honi hiyo. Honi mbili za mchana, chungu kinatolewa motoni.

Kwa hiyo ukiletewa gari ulikagulie familia, fanya yote niliyosema, kiganja, sumaku, rivasi mara tatu. Kisha inuka kwenye hicho kiti chako uende ukaone linakokwenda kuishi, na njiani huko piga honi usikie kama inaitika. Nasema haya mimi niliyeyajua magari kwa miaka thelathini na minane na sikuwahi kuuliza mlima hata swali moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kubadilisha pedi za breki. Njia imemwagiwa moramu sasa, kiangazi gari linapanda kwa uso kama magari ya watu wengine. Koko alikuwa akiota jua mlangoni. Akaniita nikae karibu, akanishika mkono, sauti akaishusha, nikajua ni jambo zito.

"Fundi, siku yangu ya kweli ikifika, usimwachie Elisante. Uje wewe unipandishe. Kwa uso. Na honi upige mbili kila kona."

Nikamwambia Koko, si watadhani uko hai.

"Ndiyo," akasema. "Waache wamalize kula kwanza."